Kiti cha Upande wa Kushoto

Bisibo, Biharamulo

Mkwe wangu Agness,

Unisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kukushukuru. Huku tu wazima. Mahindi yamekomaa, na jirani yetu Rozalia amejifungua mapacha.

Nakushukuru kwa kunipeleka katika ule ukumbi wa zamani wa maigizo huko mjini. Ulipokuwa ukichagua viti nilikukaripia, nikasema mtu mzima hukaa katikati, na kiti cha pembeni ni cha mtoro. Ukanijibu taratibu, "Baba, ukikaa kushoto, sikio lako la kulia litaelekea jukwaani." Kisha ukamkalisha mumeo kati yetu, maana baba mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu sikio langu la kushoto. Siku ile nilisikia kila neno, nikacheka pamoja na watu, si baada yao.

Sasa nikuambie jambo ambalo mumeo Juvenali halijui. Katika baraza letu la wazee mimi ndiye ninayekaa katikati. Wiki moja kabla ya safari ile nilimnyima mjane mmoja sehemu ya shamba lake, nami nilikuwa nimesikia nusu tu ya maelezo yake. Alisimama kushoto kwangu, nikaona aibu kumwomba arudie.

Jumamosi nitamwita aeleze upya, asimame kulia. Kuhusu kuwaachia wengine kiti changu, nitakuandikia nikishaamua.

Ni mimi baba mkwe wako,
Bartholomayo