Kijiko cha Tatu

Mama Nekesa,

Tangu tulipokuzika mvua za masika zimekuja na kupita, na mimi bado nakuwekea kikombe mezani, kisha nakiondoa kwa hasira. Kwenye kiti chako sasa anakaa daktari msaidizi aliyeletwa kutoka Tororo. Si mtu mbaya, ila anataka kadi zijazwe upesi: jina, umri, homa, dawa, mwingine aje. Wewe ulinifundisha uuguzi miaka minne katika zahanati hii, na mwezi mmoja chini yake umetosha kunisahaulisha.

Siwezi kutulia. Hata barua hii naiandika vipande vipande, nainuka, nakwenda wodini, narudi. Sababu ni Wandera, mtoto wa miaka mitatu kutoka Buhehe.

Jumatano aliletwa na nyanya yake mzaa mama, maana mama mtu amelazwa Tororo, amejifungua. Mtoto alikuwa mlegevu, anatapika, anashikashika masikio. Nikaandika: homa, masikio. Nikamimina kwinini ya maji kwenye kijiko. Hapo nikaona mwanamume anachungulia juu ya ua, wagonjwa wakaniambia ni baba yake. Na mimi na haraka zangu nikapaza sauti: "Baba Wandera, kuja ndani ushike mtoto!"

Unajua kilichofuata. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni mwiko kuonana uso kwa uso, na mimi ndiye ninayewaita chumba kimoja! Nyanya alijifunika uso kwa leso, akamkwapua mtoto, akatokea mlango wa nyuma. Baba naye akatimua mbio upande wa pili. Benchi zima likanitazama. Ungenicheka wiki nzima, Mama. Ningekuwa mgeni ningesamehewa, lakini nimezaliwa hapa hapa.

Kila mgonjwa alipoingia, ulikuwa ukiniuliza kwanza, "Binti, iko nani huko nje?" Nilidhani ni umbea tu. Nisamehe.

Kesho yake niliazima baiskeli nikawafuata. Nilikaa kizingitini, nyanya ndani, baba nyuma ya nyumba, nikawa nabeba maneno kutoka huku kwenda kule. Nyanya alisema amempa mtoto kwinini ya duka, asubuhi na jioni. Nikageukia ukuta nikamuuliza baba. Akasema, "Mimi nilinunua ng'ambo, Kenya. Nampa wakati mama mkwe amekwenda kuteka maji."

Siku tatu, Mama! Kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayempa. Aliyekuwa akipeleka habari kati yao ni mke, na mke yuko Tororo na kichanga chake. Masikio ya mtoto hayakuwa na ugonjwa wowote. Ile kwinini iliyozidi ndiyo iliyokuwa ikivuma ndani yake, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwandikia nyingine.

Kijiko changu kingekuwa cha tatu. Nyanya asingekimbia, ningemnywesha kwa mkono wangu huu.

Nilimrudisha zahanati siku ile ile, nyanya akiwa amembeba, baba akitufuata kwa mbali. Daktari akanisifu mbele ya watu wote, ati nina jicho kama lako. Nilitamani ardhi inimeze. Sikumwambia habari ya kijiko.

Jana Wandera aliomba uji. Akaumaliza, akalia akitaka mwingine. Nyanya akacheka, mimi nikatoka nje nikalia kama mjinga. Nimewapangia zamu za kukaa naye, baba asubuhi na nyanya mchana, wasikutane. Lakini nikimwita mtoto kwa nyuma hageuki. Daktari anasema masikio huenda yakarudi, tungoje. Mimi na kungoja unatujua.

Haya Mama, pumzisha miguu yako, imesimama mno kwa ajili yetu. Nakuahidi leo kabla hatujafunga nitamweleza daktari habari ya kijiko, yote, na akitaka kunifukuza na anifukuze. Nyanya na baba nao nitawaeleza, kila mmoja upande wake. Kisha nitakwenda kitandani kwa Wandera, nisimame nyuma yake, nimwite. Leo nimekwisha kumwita mara nyingi hata wagonjwa wengine wameanza kuitikia. Nitamwita mpaka ageuke.

Binti yako,
Adikini