Mkwaruzo Chini ya Mlango

Jumatano, baada ya isha

Nimesema uongo leo, na Mungu ameupokea kwa huruma.

Mwanaidi, mke mwenzangu, alikuja asubuhi kutoka Kerege tutengeneze gari alilotuachia marehemu mume wetu. Kila palipobanduka rangi, chumvi ya bahari ilikuwa imeanza kula bati. Alisugua kutu kwa msasa, akapaka rangi ya msingi, ikakauka, kisha akaniachia mimi brashi ndogo nimalizie. Nikachovya kupita kiasi, rangi ikajaa.

"Hii rangi au uji, dada? Na wanja ulikuwa ukijipaka hivihivi?"

"Wanja wangu ulimtosha mume, mpaka ulipokuja wewe na wako."

Tulicheka hadi kifua kikanibana.

Alasiri rangi ilikuwa imekauka, naye akaanza kufunga mkoba wake. Hapo nikaogopa. Daktari hakunificha kitu, na sitaki kufa peke yangu katika nyumba hii. Nikamwambia kuna mkwaruzo mwingine, chini ya mlango wa dereva.

Akainama, akapitisha ukucha. Penye mkwaruzo ukucha hukwama. Pale uliteleza kama juu ya kioo. Hapakuwa na kitu, na alijua.

"Huu mbaya," alisema bila kunitazama. "Utanichukua siku nyingi."

Kisha akaenda uani, akampigia simu mwanawe amletee kanga zake zote.