Waya wa Maiki Ulipogoma Maneromango

Kwako Rama, mwenzangu wa zamani,

Jumamosi iliyopita nimeimba wimbo wetu kwenye harusi, Kisarawe mjini, na mama yako alikuwepo. Nimeona heri habari hii uipate kwangu kabla hujaipata kwa shangazi zako, maana hao hawajui kupeleka habari bila kuitia chumvi.

Unakumbuka tulivyoutunga? Tulikuwa kibarazani kwetu Maili Moja, na baba yangu ameweka muziki wa kantri, ule wa Kimarekani, kwenye redio kama kawaida yake. Alishuka Pwani na ng'ombe wake kutoka Arusha, na mpaka leo anaamini muziki ule ni wa wafugaji. "Hawa wanalia vizuri," alikwambia. "Wanalia bila kelele." Ukachukua gitaa, ukasema na sisi tutunge wetu wa kulia bila kelele. Tukatunga wimbo wa watu wawili walioachana, mwanamume na mwanamke wanaopokezana beti, kila mmoja akimtakia mwenzake heri na kushika njia yake. Kiitikio nilikitoa mimi: *Nenda salama, nami naenda, njia ni mbili, jua ni moja.* Tulikuwa tunapendana mno wakati ule, na tulicheka sana tukiandika. Bibi yangu angekuwepo angesema tunajichuria, tunajiitia mkosi wenyewe.

Ukanunua kofia pana ya mtumba ili ufanane na waimbaji wa kantri. Mama yako alipokuona nayo kule kwenu Chole akauliza, "We Rama, mbona umejitwika ungo?" Ukaivaa hivyo hivyo, kwa ubishi wako.

Mpango ulikuwa tuanze tumesimama bega kwa bega, halafu kwenye ubeti wa mwisho tupeane migongo, kila mtu aelekee mlango wake huku akiimba. Ila kwenye harusi yetu ya kwanza, kule Maneromango, hukupima waya wa maiki. Ulipofika katikati ya ukumbi waya ukagoma. Ukavuta, spika ikataka kuanguka, ukasimama, ukageuka kunitazama kwa aibu. Watu wakadhani ndivyo wimbo unavyotaka, kwamba mwanamume kashindwa kuondoka. Vigelegele vikapigwa, wanawake wakaja kututuza khanga. Tangu siku hiyo kila tulipouimba uligeukia katikati, hukufika mlangoni hata mara moja. Wimbo wa kuachana ukageuka wimbo wa kurudiana, tukaitwa kwenye harusi za Kibaha na Kisarawe mpaka tukachoka pilau.

Halafu ikaja zamu yetu wenyewe ya kuoana. Mama yako alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nakupenda kama niliyekuzaa, lakini utasali wapi?" Baba yangu akakuuliza wewe swali hilo hilo. Mimi sikuweza kusilimu, wewe hukuweza kubatizwa, na hakuna kati yetu aliyemlazimisha mwenzake afanye asichokiamini. Kwa hilo nakuheshimu mpaka leo. Tukaagana mchana kweupe pale kituoni, wewe na gitaa lako mgongoni, safari ya Songea. Nikakutazama unavyokwenda. Nikuambie ukweli, nilikuwa nasubiri ufike katikati ugeuke.

Tangu hapo sikuuimba tena. Watu wakiuomba nasema koo linauma. Hata niliposikia umeoa, masikio yalisikia vizuri tu, lakini moyo ukabaki umesimama pale pale kituoni.

Safari hii aliyeuomba ni bibi harusi mwenyewe, na ombi la bibi harusi halikataliwi. Sehemu yako nikampa Samsoni, mwalimu ninayeimba naye kwaya. Tulipokuwa tunafanya mazoezi akaniuliza, "Dada, nikifika katikati nageuka, si ndiyo?" Nikamwambia nitamjibu. Swali lilikuwa dogo kwake, kwangu lilikuwa kubwa. Nilijua akigeuka yeye, mimi nitaendelea kukungoja wewe.

Nilimjibu tukiwa tumeshaingia ukumbini. "Maiki za siku hizi hazina waya," nikamwambia. "Nenda mpaka mlangoni."

Akaenda, Rama. Alipofika katikati, wanawake wakaanza kumwita, "Geuka, baba, geuka!" Nikasikia sauti yake inasita kidogo, kisha ikaendelea kuelekea mlangoni. Nami nikaendelea kuelekea mlango wangu, mgongo nimempa. Niliogopa sauti itanikatikia kwenye kiitikio, haikukatika. Nikafika mlangoni, nikatoka nje kabisa. Kulikuwa na masufuria ya wapishi na mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo. Nikavuta pumzi.

Ukumbini watu wakapiga makofi, si yale ya fujo tuliyozoea. Mama yako akanifuata nje. Nikamwamkia, akaitikia, akavua khanga aliyojitanda akaniwekea mabegani. "Leo umeuimba wote," akasema. Kisha akaniambia umepata mtoto wa kike, na kwamba pua ni yako. Nilifurahi. Nikajichunguza kama ni furaha kweli au ni adabu tu mbele ya mtu mzima, nikaona ni furaha. Tukarudi ndani tukala pamoja, akinisukumia minofu upande wangu kama zamani.

Baba anakusalimu. Kofia yako uliisahau kwetu, nami niliitunza kabatini muda wote huu kwa sababu unazozijua. Jana nimempa. Leo asubuhi kaivaa kwenda machungani, na imempendeza kuliko wewe.

Msalimie mkeo, na mbusu mtoto. Ukiuimba wimbo huko uliko, usisimame katikati. Nenda salama, nami naenda.

Ni mimi,
mwenzako wa jukwaani, wa mlango wa pili