Karatasi za Kufungia Viazi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe wanijua, hasira si kawaida yangu.

Jana tuliitwa mkutano wa wazazi shuleni kwa Zuhura. Mwalimu mkuu akasimama, watoto wetu wote wakisikia, akasema: "Nyumba ambayo wazee hawakusoma, mtoto hana wa kumsaidia. Mleteni tuisheni." Nilihisi amekutaja wewe, nawe hata mwaka hujatimiza kaburini.

Wakumbuka kibaraza chetu cha kule mtaani Shika Adabu? Wewe wakaanga viazi vya karai, mimi nimekaa na magazeti makuukuu ya kufungia. Hukukubali karatasi ifunge kitu kabla sijakusomea. Wateja walinung'unika, "Mama, viazi vyapoa!" Nawe: "Ngojeni, huyu mwizi hajakamatwa." Hukujua herufi hata moja, lakini nikiruka mstari, habari ikikosa maana, uliinua mwiko: "Hapo wanidanganya. Rudi." Na karatasi ikiwa imechanika mwishoni, ulisema, "Haya, malizia wewe." Mara moja nilimwoza yule mwizi kwa binti wa hakimu, ukacheka hadi viazi vikaungua.

Huko si kusaidiwa? Ni nini basi?

Niliinuka pale mkutanoni. Jirani akanivuta buibui: "Keti, Mama Zuhura, walimu watamwonea mtoto." Sikuketi. Nikasema, "Mwalimu, mama yangu hakusoma. Alinisikiliza." Mwalimu akatazama saa yake.

Lililoniuma zaidi lilikuwa nyumbani. Nilimwambia Zuhura anisomee huku nikikuna nazi, kama kila jioni. Akafunga kitabu. "Mwalimu amesema nyumbani hakuna anayejua." Wallahi, Mama, maneno ya asubuhi moja tu, na mtoto ameshatuonea haya.

Sikumgombeza. Leo nimenunua mahamri, yakaja yamefungwa kwa ukurasa wa gazeti. Nikauacha mkekani, nikaendelea kukuna nazi. Akauchungulia. Akaanza kusoma kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, habari ya ng'ombe aliyepotea Mikindani. Katikati ya maneno akanyamaza.

"Mama, imechanika."

Kabla sijajibu, akasogea karibu yangu. "Basi nimalizie mimi?"

Ng'ombe amepatikana, Mama. Yuko kibarazani kwako, anakula maganda ya viazi.

Lala salama. Huku sasa nasikiliza mimi.

Mwanao, msomaji wako