Kushoto Kuna Jiwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Vyombo nimeosha. Nimefunga unga, chumvi, dagaa, kanga mbili na daftari hili. Baba Zainabu yuko uani anapiga pampu tangu alfajiri. Kesho tunaondoka.

Matembezi, anasema. Nimeolewa naye miaka arubaini na kitu hapa Nyangamara, neno hilo sijalisikia mdomoni mwake. Twende Rutamba, twende Kilangala kwa dada yake, polepole, kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye keria kama bibi harusi. Tule mabibo njiani. Turudi Jumatano ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano, si kabla. Tarehe ameing'ang'ania kama kupe.

Na korosho zinaanguka. Kila mtu kainama shambani anaokota, sisi tunatembea. Nimemwambia huo wazimu. Akacheka. Zamani angenijibu.

Binti yetu Zainabu ataokota badala yetu. Kanuna, lakini ataokota.

Jumanne, 7 Oktoba

Makalio yanauma. Keria ni chuma, hata ukikunja kanga mara nne.

Amezua mchezo. Ati niimbe njia. "Mama Zainabu, imba njia!" Haya. Kushoto kuna jiwe. Kulia shimo. Mbuzi mbele. Mama mwenye ndoo, piga kengele. Nimeimba asubuhi nzima mpaka koo limekauka. Watu wakacheka, ati wazee wamerudi utotoni. Na mimi nikacheka. Nimefurahi, kwa nini niseme uongo.

Kila shamba la mikorosho tulisimama. Mabibo mekundu, mabibo ya njano. Ya njano matamu zaidi, mekundu yana maji mengi. Mkono wote unanata. Bwana mmoja akatutolea uraka kwenye kopo, pombe ya mabibo hiyohiyo, imechacha mpaka inatoa povu. Nikamwambia sisi watu wa swala. Akasema hata harufu? Harufu tukachukua.

Jambo moja. Baba Zainabu alichuma bibo bichi, la kijani kabisa, akalitia mdomoni. Akakunja uso, akatema. Akasema alitaka kuonja ukali. Mtu wa miaka sabini, mtoto wa mikorosho, anaonja ukali.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumeanguka.

Nilinyamaza kidogo tu. Mtandio ulinivuka, nikawa naufunga. Baiskeli ikaingia mtaroni. Mimi goti, yeye kiwiko. Unga nusu umemwagika.

Akasema jua lilimpiga machoni. Jua lipi? Mbingu imefunga mawingu tangu asubuhi.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Tumelala kwa watu wema, hata majina sikuwauliza vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nina mengi ya kuandika.

Tairi la nyuma limepasuka kwa mwiba. Baba Zainabu akaipindua baiskeli, akakaa chini, akaanza kutafuta tundu. Hakulitazama. Alipapasa kwa vidole, akaweka sikio, akaweka shavu asikie upepo. Nilimwangalia. Akaniambia nimletee solusheni ya kubandikia kiraka kwenye mkoba.

Ndani ya mkoba, chini ya viraka, kulikuwa na karatasi ya hospitali, imekunjwa vidogovidogo. Hospitali alikwenda lini bila mimi kujua?

Mimi sikwenda shule hata siku moja. Herufi kanifundisha mjukuu wangu Rehema, mtoto wa Zainabu, kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, mpaka nikaweza daftari. Baba Zainabu anadhani najua jina langu tu. Yeye ana darasa la nne, ndiye msomaji wa nyumba. Sikumwambia. Mwanamke awe na chake.

Nikasema nakwenda haja. Nikaisoma nyuma ya mkorosho, kidole chini ya kila neno. Macho yote mawili, mtoto wa jicho. La kulia kwanza. Upasuaji. Jumatatu tarehe 13 Oktoba, saa mbili asubuhi, Lindi. Aje na mtu wa kumsindikiza.

Tarehe 13. Na sisi tunarudi tarehe 15.

Haya si matembezi. Mume wangu anatoroka, na mimi ndiye ninayemwimbia njia ya kutorokea.

Nimeirudisha karatasi. Nimempa solusheni. Akasema nimekawia. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Rutamba. Ametaka tupite ziwani kwanza. Akasimama kwenye ukingo mikono kiunoni. Akasema maji mwaka huu yamejaa, mashallah. Maji yamerudi nyuma, ukingo wote ni tope na nyasi. Nikasema ndiyo, yamejaa.

Mimi kumwambia mtu uongo ili asiaibike! Mimi, ambaye hata kwenye harusi nasema wali mbichi.

Alipotoka msikitini nikamuuliza kwa upole, macho yako vipi? Akasema mazima kuliko yako. Basi.

Najua anachoogopa. Kaka yake mkubwa, marehemu, alipelekwa kwa mganga wa kuchoma macho kwa sindano. Akarudi akiongozwa kwa fimbo, na fimbo hakuiacha mpaka kaburini. Baba Zainabu ndiye aliyekuwa akiishika ncha ya mbele. Hospitali na yule mganga si kitu kimoja. Lakini hofu haina darasa la nne.

Sijalala vizuri. Nikimwambia nimeisoma karatasi, atasema nimempekua. Nikinyamaza, Jumatatu inapita. Madaktari wa macho huja Lindi siku chache tu, wakaondoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumefika Kilangala kwa wifi yangu, Bi Fatu. Katuchinjia kuku. Baba Zainabu kawasalimia watu wote kwa sauti kubwa, anasubiri wajibu ndipo awajue. Mpaka leo sikuwa nimeliona hilo. Tangu lini anafanya hivyo? Nilikuwa wapi mimi?

Nimekwenda kisimani. Nikamkuta Siwema. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu mababu. Mnene, mdomo kama kinu. Kwenye maziko ya baba mkwe aliingia amejifunga shuka la marehemu, akamwigiza mwendo wake wa kuchechemea, akakohoa kikohozi chake, mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Akikushikia kitu chako unakikomboa kwa anachotaka yeye. Na huruhusiwi kukasirika.

Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia yote.

Mke hasemi aibu ya mume wake kwa watu. Hilo nimelishika maisha yangu yote. Lakini mtani si watu.

Sasa roho inaniuma. Nimemuuza.

Jumapili, 12 Oktoba

Siwema kaja saa nne. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaifunga kwa kanga kwenye mkorosho, akakaa juu ya keria. Baiskeli ikalia. Majirani wakajaa.

"Umenipita jana njiani hukunisalimu! Mtu nilivyo mnene hivi, unipite kama nyasi?"

Baba Zainabu akacheka, akasema alikuwa na mawazo. Akatoa kuku. Siwema akamkataa. Akatoa kuku na debe la mtama. Akakataa.

Kisha akajifunga macho kwa kitambaa. Akaanza kutembea. Mikono mbele, kidevu juu, vilevile kabisa anavyotembea mume wangu siku hizi. Akaukumbatia mkorosho, akauambia shikamoo dada. Akamkanyaga kuku. Akaimba, "Mama Zainabu, imba njia!" Watu wamelala chini kwa kicheko. Na mimi midomo ilinicheza, Mungu anisamehe.

Akavua kitambaa. Akasogea karibu yake, sasa hacheki.

"Hivi ndivyo nitakavyokuigiza siku ya maziko yako, bwana. Hiki ndicho wajukuu zako watakachokikumbuka. Unakitaka? Kama hukitaki, kesho uwe Lindi. Baiskeli ndiyo nimeishika. Kuku wako kula mwenyewe."

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Aligeuka, akatafuta mlango kwa mkono, akaukosa, akaupata. Akaingia ndani.

Chakula hakula. Dada yake akambembeleza bure. Alasiri nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, uso ukutani. Akasema neno moja, umeniuza. Nikasema ndiyo.

Akaniuliza nani kaniambia. Nikautoa mkoba, nikaitoa karatasi, nikaikunjua. Nikaisoma. Polepole, maneno mengine nilijikwaa, lakini niliisoma yote kwa sauti mpaka mwisho, mpaka pale pa mtu wa kumsindikiza.

Akaniuliza, hiyo ya mwisho imeandikwa hapo kweli? Nikasema imeandikwa. Nikajua. Hakuwahi kuisoma. Hawezi, macho hayaoni tena herufi. Msomaji wa nyumba alikuwa na karatasi mkobani, hajui imesema nini. Alishika tarehe tu kwa kuambiwa. Alidhani ataingia pale peke yake, kama kaka yake alivyoingizwa kwenye kibanda cha mganga na ndugu wakafungiwa nje.

Akasema, nani kakufundisha? Nikasema Rehema. Akasema, na hukuniambia. Nikasema na wewe hukuniambia.

Hapo tukawa sawa. Lakini hakusema atakwenda. Nimemwachia maji ya kunywa karibu na mkono. Nimelia jikoni, Bi Fatu akajifanya anapepeta.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeamka hayupo kitandani. Nikatoka na kanga moja.

Alikuwa barabarani. Kanzu safi, kofia, viatu amevaa sawasawa. Mkono kwenye mti. Akasikia hatua zangu, akasema basi linachelewa au limepita?

Halijapita.

Naandika hapa benchi la hospitali. Wamemwingiza. Nilimshika mkono mpaka mlangoni, nesi akasema mama basi, nikasema karatasi imeandika mtu wa kumsindikiza. Akasema mpaka hapa. Nikamwambia baba Zainabu kwa sauti, niko mlangoni, siondoki, ukiniita nasikia. Watu wote wakageuka. Wageuke.

Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamefungua bandeji asubuhi.

Alipepesa. Jicho jekundu, linatoka machozi. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake, akaigeuza, akahesabu vidole kimoyomoyo, nilimwona midomo. Kisha akanitazama mimi. Muda mrefu, mpaka nikaona haya, mtu mzima mimi.

Akasema, "Mama Zainabu, umezeeka."

Nikamwambia, "Hukualikwa kutazama."

Nimekwenda chooni nikacheka, nikalia, nikanawa uso. Alhamdulillah. Jicho la kushoto watampangia siku.

Daktari kakataza baiskeli, kuinama, kubeba. Tutarudi kwa basi. Baiskeli iko kwa Siwema, naye kaapa hatoi mpaka aje kuthibitisha kwa macho yake, yeye ambaye yake ni mazima.

Jumamosi, 22 Novemba

Korosho za mwisho tumeanika. Mabibo yamebaki machache, yana wadudu.

Siwema aliileta baiskeli mwenyewe juzi, juu ya gari la mzigo. Alimsimamisha baba Zainabu uani, akamwonyesha vidole, viwili, vitatu, akamwonyesha na kimoja cha matusi. Naye akavijua vyote. Siwema akala kuku mzima, akaenda.

Daktari karuhusu. Asubuhi baba Zainabu akapiga pampu. Akaniambia panda. Nikakunja kanga mara nne, nikapanda.

Hakusema niimbe.

Karibu na kisima cha kwetu kuna jiwe, kushoto. Nililiona toka mbali. Nikauma ulimi, nikashika shati lake.

Baiskeli ikajisogeza kulia kidogo, ikalipita.