Mayai ya Tetea wa Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri Anyesi, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana hata usingizi sipati. Nimeolewa hapa Ngulyati, nina presha, nesi akaniambia nipunguze uzito, nikajipima kwenye mizani ya pamba, kilo themanini na nne, vijana wa ghalani wakacheka, nikarudi nyumbani na hasira, nikasoma kwenye simu kwamba anayetaka kupungua ale protini tu, basi nikaacha ugali, nikaacha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikawa mtu wa mayai, na ya kuku wangu yalipoisha nikahamia kwenye kiota cha mama mkwe, yale aliyomwachia tetea wake aatamie. Sasa mama mkwe, mama Kabula, anamshuku mbwa wetu kwamba ndiye mla mayai, na Jumamosi jirani Salvatory anakuja kumuua. Mezani ananiuliza, "Mwanangu, ugali wangu umekukosea nini?" Choo sipati, kichwa kinazunguka, na kiasi cha protini kinachotosha bado sikijui. Nikisema nitaitwa mwizi, nikinyamaza mbwa anakufa, naye kila asubuhi ananisindikiza shambani. Nifanyeje?
Milembe, Ngulyati

Milembe, pole kwa presha na kwa vicheko vya ghalani. Kwa mayai sikupi pole. Nesi alikuambia upungue, hakukutuma kuvamia kiota.

Protini inasaidia kweli: inashibisha, na inalinda misuli wakati mafuta yanapungua. Lakini ina kiasi chake. Mwenye figo nzima zinamtosha gramu moja hadi moja na nusu kwa siku, kwa kila kilo ya uzito anaoulenga. Ukilenga kilo sabini, ni gramu sabini hadi mia hivi. Yai moja lina sita tu, kwa hiyo kwa mwendo wako utamaliza mabanda ya Ngulyati nzima! Asubuhi kula mayai mawili na kikombe cha maziwa mgando, mchana bakuli zito la choroko, jioni samaki wa kujaa kiganja. Mboga za majani usiziache, ndizo zitakazokurudishia choo. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako kula, tena mbele ya mama mkwe akuone. Na kwa kuwa una presha, mwombe nesi upimwe figo kwanza.

La mbwa halingoji Jumamosi. Leo hii kamata tetea wako mmoja, mpelekee mama Kabula, piga magoti useme, "Mayu, mama yangu, mayai nilikula mimi." Atakusema sana, vumilia, hasira za mama mkwe huwa zinapoa. Ukinyamaza, Jumatatu utaenda shambani peke yako, na utakuwa unajua kwa nini.