Kwa Jilo, Uliyetufasiria Kihindi Usichokijua

Kwako Jilo, uliyekuwa mchumba wangu kwa wiki sita,

Sitakuuliza hali. Habari zako nazipata zote, maana Chara si mbali na Garsen, na wanaotuletea samaki sokoni hawajui kufunga mdomo. Najua umeoa, najua mpunga wenu umekubali mwaka huu, najua umefuga ndevu. Ninalokuandikia ni jambo lako ambalo wewe mwenyewe hulijui. Nimekaa nalo tangu mwaka jana na limenichosha. Barua naituma bila bahasha, mkononi mwa muuza samaki. Watakaoisoma njiani na wasome.

Nianze na pale kwa video. Wakumbuka kile chumba cha makuti nyuma ya duka la mafuta ya taa, jenereta ikinguruma nje, televisheni moja juu ya meza. Jumapili alasiri ndiyo iliyokuwa zamu ya familia. Wanaume walikaa upande wa mlango, sisi wanawake kwenye mikeka upande wa ukuta, na mimi na beseni langu la mahamri, nauza huku nalia.

Kanda zilikuja na basi kutoka Malindi, za zamani, nyingine hazina hata rangi. Tulizipenda hizo hizo. Mwenye video alijaribu kutuletea mpya, zenye mabwana wa miwani myeusi na bastola. Tulizitazama tukapiga miayo. Sisi tulimtaka yule maskini mwenye shati lililoraruka bega, aliyeokota kitu kisicho chake akazunguka mji mzima kumtafuta mwenyewe. Nafikiri ni kwa sababu ya miaka yenyewe. Barabarani kulikuwa na majambazi, mabasi yanakwenda kwa msafara wa askari, kwenye kila kizuizi mwapekuliwa hadi ndani ya matenga ya kuku. Mpokomo alimtazama Muorma kwa pembe ya jicho, Muorma naye vivyo hivyo, na sisi tuliotoka Kipini tuliwatazama wote. Mtu ukitoka katika hayo, ukamwona mwanamume anayesema kweli hata ikamtia jela, roho inapata pa kukaa kidogo.

Na wewe ndiwe uliyetufasiria. Siku zote ulikuwa fundi baiskeli kando ya barabara, lakini Jumapili ulisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, ukatwambia nani kasema nini. Ilianza siku uliyosaidia kubeba jenereta. Mtu akauliza yule mama pale analilia nini, nawe ukamjibu. Kabla jua halijatua mji mzima ukajua kwamba Jilo anakijua Kihindi, alikaa Mombasa kwa Mhindi akimwagilia maua. Wewe hukukubali wala hukukataa. Nilikuona unatabasamu tu, na mimi mtu wa kutabasamu tu nilimwogopa tangu utotoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kanda tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya dobi. Ulimpa jina la kwetu, ukamwita Buya, na mpaka leo hakuna Garsen anayemjua kwa jina jingine. Buya alikuta mkufu wa dhahabu kwenye mfuko wa koti la tajiri, akaenda kuurudisha, akakamatwa mlangoni. Mbele ya hakimu, kwa mdomo wako, alisema, "Mimi sikuiba. Lakini kama hamna pa kunipeleka ila jela, nipelekeni, jina langu nitatoka nalo." Tulilia hadi leso zikalowa.

Kisha yakaja mafuriko. Barabara ikakatika, basi halionekani, na mwenye video amebaki na kanda tatu. Wiki baada ya wiki tukamtazama Buya. Na hapo ndipo ulipojifunga mwenyewe, maana mara ya pili Buya alimwambia hakimu, "Mkufu wenu chukueni, ila mama yangu msimwambie niko wapi." Mara ya tatu akasema habari ya Mungu kuona gizani. Midomo kwenye televisheni ilikuwa ile ile, haikurefuka wala haikufupika. Nikamgusa mama ubavuni.

"Wiki iliyopita hakusema hivyo," nikamwambia.

"Pengine leo Jilo amesikia vizuri zaidi," mama akasema, akaendelea kufuta machozi.

Tangu siku hiyo nikaanza kukuchunga. Na wewe, badala ya kujificha, ukazidi kujileta. Wakumbuka sufuria ya mama, ile kubwa ya kukandia unga, ilipochukuliwa na maji? Siku ya tatu ukasimama mlangoni kwetu, tope magotini, sufuria kichwani. Ukasema umeiokota kwenye matete na umeulizia nyumba hadi nyumba. Tena ulikuwa umeisugua, inang'aa kuliko ilivyoondoka. Mama akakuombea dua ndefu. Mimi nikaigeuza nione chini yake kuna nini. Hakukuwa na kitu. Nani anatembeza sufuria ya watu katika tope lile bila kutaka lake? Nikajiambia huyu ametafuta njia ya kuingia ndani kwetu.

Kumbe njia ulikuwa unaitafuta kweli. Maji yalipopungua ikaja barua yako ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe, imeletwa na wazee wako wawili. Nisikufiche, nilifurahi, Jilo, nilifurahi mno, na furaha yenyewe ikanitia hofu. Nikaomba muda tukuulizie, kama ilivyo desturi.

Mjomba Athmani akapanda hadi kwenu Ndera. Akarudi baada ya siku tano, amechoka, anacheka. "Nimeuliza watu saba," akasema. "Wa ukoo wake na wasio wa ukoo wake. Wote wanamsifu."

"Wote saba?"

"Wote."

"Basi wamepangwa," nikasema. "Mjomba, mtu mzima asiye na adui hata mmoja, hiyo si sifa. Hiyo ni siri."

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu," mama akasema. Juma lile barabara ilifunguliwa, nikaingia kwenye basi nikaenda Malindi.

Huko kuna bibi mmoja wa Kihindi, mzee, anauza vitambaa. Nilimweleza kanda ya dobi tangu mwanzo hadi mwisho. Akaijua hata kabla sijafika kwenye mkufu, aliitazama akiwa msichana. Akanisikiliza ninavyomtetea Buya wetu, halafu akaweka mkasi chini.

"Lakini binti, yule aliiba," akasema. "Aliiba kwa ajili ya dawa ya mama yake. Mbele ya hakimu anaomba msamaha."

Nilirudi Garsen na maneno hayo yakinichoma safari nzima. Watu wote wale, machozi yote yale, kwa mwizi. Na wewe ndiwe uliyemsafisha.

Nilikukuta umepiga magoti, baiskeli imepinduliwa mbele yako. Sikukusalimia.

"Jilo, wewe wakijua Kihindi?"

"Sikijui, dada," ukasema. Hata spana hukuiweka chini.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kule Mombasa walikuwa wakinisemesha Kiswahili."

"Na Buya aliiba. Nimeambiwa Malindi na anayejua."

Hapo ndipo ulipoinua kichwa. "Aliiba?" ukauliza, na uso ukakubadilika, kama mtu aliyeletewa habari mbaya ya ndugu yake. Kisha ukasema, "Mimi nilimtazama usoni nikaona huyu hawezi."

"Kwa nini hukuwaambia watu kwamba hujui?"

"Hakuna aliyeniuliza. Wewe ndiwe wa kwanza."

Mwongo ninayemjua mimi hujitetea. Anaapa, anakasirika, anakuuliza nani kakwambia. Wewe ulikubali upesi mno, na upesi ule ndio ulionimaliza. Nilijiambia mtu anayeitoa siri hii kirahisi hivi ana nyingine kubwa anailinda nyuma yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Tena anayewapima watu kwa kuwatazama uso, nikaona, siku moja ataniletea wezi nyumbani wale na walale.

Jumapili iliyofuata ukasimama kando ya televisheni kabla mashine haijawashwa. Ukasema, "Jamani, mimi Kihindi sikijui. Yale yote nilikuwa nayaona kwa macho nikiyasema. Mnisamehe." Nilishika beseni langu kwa mikono miwili nikingoja watu wainuke. Hakuna aliyeinuka. Yule mama wa Kiorma anayeuza maziwa, anayekaa siku zote karibu na nguzo, ndiye aliyekujibu. "Sisi najua zamani, Jilo," akasema. "Wewe sema tu." Watu wakacheka, jenereta ikavutwa, na Buya akaingia na bunda lake la nguo.

Ulitazama upande wangu. Unajua mimi niliwaza nini? Niliwaza, huyu ameona nitamtangaza, akaniwahi. Jumatatu mjomba akawarudishia wazee wako barua na leso yake.

Hukuja kugomba. Ulikuja siku moja kabla ya kuondoka, ukasimama nje ya ua, mama akiwa anaanika nguo. Ukasema umepata shamba Chara kwa mama yako mdogo. Kisha ukaniambia, taratibu, bila kinyongo ambacho ningekishika nikakutukana nacho, "Dada, ukimaliza kuulizia, mimi niko Chara."

Mwaka mzima, Jilo, niliulizia. Kila muuza samaki aliyepita kwenye kibanda changu cha mahamri nilimpa hamri la bure nikamtoa maneno. Je, hanywi? Hapigi watu? Hana mke mahali? Nilikuwa nangoja mmoja tu aniletee dosari, hata ndogo, nipumzike. Waliniambia umemsaidia fulani kuvuna, umeketi na mgonjwa wa fulani. Pale kwa video akaletwa kijana aliyesoma, Kihindi anakijua kweli, anafasiri kwa makini asiongeze neno. Buya akaungama wizi wake mbele yetu sote. Watu walimsikiliza mara moja, Jumapili ya pili wakamwambia yule kijana anyamaze, wakaanza kusemeana wenyewe maneno yako. Nami nilikuwa nikiyasema, nayajua yote matatu.

Nilishanunua buibui jipya la safari. Nilikuwa nimeamua baada ya Idi nije Chara nikuone kwa macho yangu.

Idi ilipopita ni Chara iliyokuja kwangu. Mama mmoja wa makamo aliketi kibandani, akanunua mahamri mawili, hakuyala.

"Mwanangu, nimekuja kuulizia," akasema. "Kuna kijana ametajwa nyumbani kwetu kwa ajili ya binti wa kaka yangu. Wazee wa kwetu Chara ndio wanaomtaka, yeye mwenyewe amesema mambo ya ndoa ameyaachia wao. Tumesikia ulimkataa. Na aliyekataa ndiye anayejua aibu."

Nilijua ni wewe kabla hajataja jina.

Wewe unaijua desturi. Anayeulizwa habari za mchumba hana haja ya kusema baya. Akitazama pembeni kidogo, akasema "Mtajijua wenyewe", posa imekufa hapo hapo. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Yangetosha, nawe ungebaki Chara ukiningoja, na mimi ningekuja na buibui langu.

Lakini mtu akiulizwa hivyo ni amana. Nikafungua kinywa, na nilipoanza sikuweza kukoma. Nilimweleza habari ya sufuria. Nilimweleza ulivyojibu na spana mkononi, na ulivyosimama mbele ya watu ukaomba radhi ambayo hakuna aliyekudai. Nikamwambia, "Mpeni. Ukimuuliza neno atakwambia kweli, hata kama itamgharimu. Hana jingine ndani." Nilikuwa naisikia sauti yangu na kuishangaa. Hakuna hata neno moja nililokuwa na shaka nalo.

Yule mama akaniuliza, "Sasa wewe ulimkataa kwa nini?"

"Nilimshuku."

"Kwa lipi?"

Nilitafuta, Jilo. Wallahi nilitafuta, mafuta yakaungua karaini na mimi bado natafuta. "Sikuona baya," nikamwambia. "Ndiyo sababu."

"Pole, mwanangu," akasema. Akayafunga mahamri yake kwenye leso, akashika njia ya mtoni.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Nimesikia hujui hata leo ni nani aliyekusemea Garsen, mwadhani ni mjomba Athmani. Ni mimi. Siku ile nilimaliza kukuulizia, na jibu nikampa mtu mwingine.

Nakutakieni heri wewe na nyumba yako, na safari hii naisema bila kuigeuza kutazama chini yake. Mkeo akikuuliza barua hii imetoka kwa nani, najua utamwambia.

Ni mimi,
aliyekuwa mchumba wako,
Garsen